Bunduki ya Nyati na Bega Langu la Kulia

Siku niliyoweka begani bunduki ya nyati kwa mara ya kwanza nilikuwa na kilo hamsini na mbili, viatu vya porini vikiwemo. Kampuni ya safari ninayofanyia kazi hapa Arusha ilikuwa imeamua kuanzisha matembezi ya miguu, na kila mwongoza watalii aliyetaka kuyaongoza alitakiwa kwanza afaulu mtihani wa shabaha kwa bunduki hiyo. Mimi nilikuwa nimeongoza watalii miaka sita nikiwa ndani ya gari, nikiwaonyesha twiga kupitia dirishani, na nilikuwa nimelichoka dirisha. Nikaandika jina langu. Wanaume wanne walioandika kabla yangu walinitazama, na mmoja wao, mnene mwenye mikono kama miguu yangu, akaniuliza kama najua kwamba bunduki ile inapiga teke.

"Hata ng'ombe wa mama anapiga teke," nikamjibu, "na kila asubuhi anakamuliwa."

Wenzake walicheka. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe miaka kumi ilikuwa imepita sijamkamua ng'ombe yeyote.

Tulipelekwa kwenye tambarare kavu upande wa magharibi wa Mlima Meru, mahali penye korongo refu la udongo ambalo risasi zingeishia bila kumdhuru mtu. Mkufunzi wetu alikuwa mzee wa Kiarusha, askari wa wanyamapori mstaafu, mwembamba, mwenye sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Alinisalimia "Takwenya," nikaitikia "Iko," na hapo Kimaa changu chote kikawa kimekwisha. Akatuonyesha risasi moja. Ilikuwa nene kuliko kidole gumba changu.

"Hii ni kwa ajili ya nyati aliyeamua kukuua," alisema. "Ikitoka mbele inasukuma kwa nguvu, na nyuma pia inasukuma. Nyuma ni wewe."

Yule mnene alitangulia. Alisimama wima kama nguzo ya umeme, akafyatua, kofia ikaruka, akarudi hatua tatu na kukaa chini kwenye nyasi huku bado ameikumbatia bunduki. Tulimcheka mpaka machozi yakatutoka. Mimi, kwa akili yangu, niliona kosa lake: alikuwa ameibana mno begani. Kwa hiyo ilipofika zamu yangu nikaishika mbali kidogo na bega, ili hilo teke lipotelee hewani kabla halijanifikia.

Wanaojua bunduki nadhani wameshafumba macho. Nafasi ile ndogo niliyoiacha ndiyo iliyoipa bunduki uwanja wa kukimbilia. Sikusikia hata mlio. Nilisikia bega limegongwa kama kwa nyundo, halafu kidole gumba changu mwenyewe, kilichokuwa kimelala juu ya kitako cha bunduki, kikanipiga ngumi chini ya jicho. Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa nimesimama bado, jambo lililonipa sifa kubwa, lakini sikujua nimeelekea upande gani.

"Nimempata?" nikauliza.

"Nani?" mzee akauliza.

"Nyati."

Nyati wetu alikuwa amechorwa kwenye ubao, mita thelathini mbele yangu, mzima kabisa.

Jioni ile mume wangu alinipokea nyumbani kwetu Sombetini, akanitazama, akaenda moja kwa moja kwenye friji na kunitolea pakiti ya maziwa iliyoganda. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Sikukuu ikifika humwomba jirani amchinjie kuku, kisha huingia ndani na kuongeza sauti ya redio. Alinikanda bega usiku na asubuhi, na bega likapita rangi zote, kutoka nyekundu hadi zambarau hadi nyeusi iliyokolea. Alikuwa amenipa ahadi moja tangu mwanzo: hatamwambia mama yangu chochote kuhusu bunduki. Mama alikuwa anaamini kazi yangu ni kukaa kwenye gari. Hata hilo gari lenyewe alikuwa halipendi.

Jumapili iliyofuata kulikuwa na sherehe ya kipaimara cha binti wa dada yangu, nyumbani kwa mama, Akheri. Nilivaa gauni la mikono mirefu, nikapaka poda mara tatu chini ya jicho, nikajifunga kilemba kilichoshuka upande mmoja kwa makusudi. Ningefanikiwa kama si shangazi. Shangazi yangu hasalimii kwa mkono, anakumbatia. Alinivuta kifuani kwa nguvu zake zote, mkono wake ukatua juu ya bega lile, nikapiga ukelele uliowanyamazisha wapiga tarumbeta.

Shangazi alinishika mkono wa pili, akanipitisha katikati ya wageni mpaka jikoni, akafunga mlango, akanifungua vifungo vya gauni mgongoni kama mtoto. Aliliona bega. Akachukua ncha ya kitenge chake, akailowesha, akanifuta poda. Akaona na jicho.

"Nani?" aliuliza.

"Niligonga mlango wa kabati."

Nilipolisema hilo ndipo nilipojua nimeharibu. Shangazi amekuwa mshauri wa kina mama kanisani kwa miaka mingi, na sidhani kama kuna uongo alioambiwa mara nyingi zaidi ya ule wa mlango wa kabati. Aliniangalia kwa huruma iliyonifanya nitake kulia bila sababu. Akamwita mama. Mama alilitazama bega langu kwa muda mrefu, akafunga vifungo vyangu kimoja kimoja, akatoka nje.

Mume wangu wakati huo alikuwa chini ya migomba na wanaume wengine, anakula ndizi nyama kwa amani. Waliitwa yeye na mjomba wangu mkubwa, ambaye ni mzee wa kanisa. Tukakaa sebuleni, mlango umefungwa, tarumbeta zinalia nje kwa furaha ya kipaimara. Sahani ya mume wangu alikuja nayo mkononi, kwa sababu hakuna aliyemwambia aiache.

"Mwalimu," mjomba alianza, "sisi tulikupa binti mzima."

"Ndiyo, mjomba. Nawashukuru."

"Sasa hivi ni mzima?"

Mume wangu aliniangalia. Aliangalia jicho langu lisilo na poda. Nikaona anaelewa taratibu, na nikaona jasho linamtoka.

"Mjomba, mimi niliahidi kwamba sitasema," alisema.

Sijawahi kusikia mtu asiye na hatia akijitetea vibaya kiasi kile. Mjomba alivua miwani. Shangazi alisimama. Ikabidi niseme mimi.

"Hajanipiga mtu! Ni bunduki!"

Shangazi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yesu wangu! Amekupiga na bunduki?"

Ilichukua muda kuinyoosha ile habari. Nilieleza kampuni, matembezi, mtihani, nyati wa ubao, kidole gumba. Mjomba, ambaye ujana wake aliupitisha jeshini, ndiye aliyeamini wa kwanza, na aliamini kwa sababu ya kidole gumba. Alisema hata yeye aliwahi kujipiga pua namna ile. Alicheka mpaka akakohoa, akampa mume wangu mkono, akamwambia arudi akamalizie chakula chake. Mume wangu alisema asante, lakini ameshiba.

Mama hakucheka. Alisubiri wote watoke.

"Nilikuwa nimeshakupangia chumba," aliniambia. "Kile cha nyuma. Nilikuwa nawaza nitahamishia wapi magunia ya kahawa ili kitanda chako kiingie. Leo hii hii usingerudi mjini."

Dakika zile chache kati ya jikoni na sebuleni, mama alikuwa ameshanichukua nyumbani, na magunia ameshayahamisha kichwani mwake. Nilimwomba msamaha kwa kumficha. Akauliza: "Hiyo bunduki mnapiga tena lini?"

"Jumatano."

"Nitakuja."

Nilidhani ni hasira tu. Jumatano saa tatu asubuhi alishuka kwenye bodaboda palepale kwenye tambarare, na chupa ya chai, hotpoti mbili, na kiti chake cha plastiki kilichofungwa nyuma ya pikipiki. Mkufunzi alimsalimia "Takwenya, mama," naye akaitikia "Iko" vizuri kuliko mimi, akafungua kiti, akakaa nyuma ya mstari wa wapigaji kama mtu aliyekuja mahakamani kusikiliza kesi yake.

Siku hiyo nilikuwa nimetiwa woga na wiki nzima ya maumivu. Mzee alinijazia bunduki risasi, akanikabidhi. Nikaibana begani kama alivyotufundisha, nikalenga, nikavuta kifyatulio. Ikalia "tik", kama mlango wa kabati. Hakukuwa na risasi hai ndani, alikuwa ameniwekea ya bandia bila kuniambia. Lakini mimi nilikuwa nimeshafumba macho yote mawili, nimesukuma mtutu chini, na kuruka kidogo na mguu mmoja.

Mama alicheka. Alicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu baba afariki, amejishika mbavu, kiti cha plastiki kinalalamika. "Mwanangu! Umepigwa na nini sasa?"

"Ndiyo shida yake," mzee alimweleza, naye amejaa tabasamu. "Bega si tatizo. Anaumia kabla hajaumizwa. Risasi inakwenda kwenye nyasi kwa sababu yeye ameshakimbia."

"Na hilo bega mbona amelipandisha hivyo?" mama akauliza. "Limefika sikioni. Akiwa mtoto, akichomwa sindano alikuwa anafanya vilevile."

Mzee aliniangalia upya. Akaja, akaweka kiganja chake juu ya bega langu, akalishusha. Kweli, lilikuwa juu, na kitako kilikuwa kinagonga mfupa badala ya nyama. Akanirudisha mwanzo kabisa. Mguu wa kushoto mbele, goti limelegea. Kiwiliwili kiinamie mbele kama unasukuma gari lililokwama kwenye tope. Kitako kivutwe ndani mpaka kishikane na mwili, shavu lilale juu yake, kidole gumba kiwe pembeni. Kisha pumzi itoke, na kifyatulio kibonyezwe polepole mpaka mlio wenyewe ukushtukize. "Usishindane nayo," alisema. "Ikikusukuma, nenda nayo kidogo, halafu urudi." Mama alikunja kanga yake mara nne, akaipachika ndani ya shati langu begani. Mzee alisema hairuhusiwi siku ya mtihani, lakini leo ni sawa.

Kuanzia hapo mzee alinichanganyia: risasi hai, ya bandia, ya bandia tena, hai, sijui ipi ni ipi. Hakuniruhusu zaidi ya risasi hai tatu kwa siku. Katikati alinipa bunduki ndogo isiyoumiza hata kidogo ili macho yangu yazoee kubaki wazi. Mama alikuwa anatangaza kila matokeo kutoka kwenye kiti: "Umefumba!" "Umefumba!" "Hapo hujafumba!" Wale wanaume wanne walikula chakula chake chote na kuanza kumwomba awaangalie na wao. Yule mnene alikutwa anafumba kuliko mimi.

Mtihani ulikuja wiki tatu baadaye. Nyati wa ubao aliwekwa kwenye magurudumu na kuvutwa na gari kwa kamba ndefu, akatoka kwenye kichaka akitikisika, akinijia. Risasi ya kwanza niliipitisha juu ya mgongo wake. Nilikwenda nayo, nikarudi, nikavuta komeo la bunduki kuingiza risasi nyingine, nikafyatua ya pili, ikaingia kwenye paji la uso. Ya tatu ikaingia shingoni akiwa hatua kumi na tano kutoka nilipo. Mbili kati ya tatu zilitosha. Nilipoteremsha bunduki ndipo nilipogundua kwamba sikumbuki teke lolote, ingawa bega jioni lilikumbuka vizuri.

Mjomba alikuja Sombetini Jumamosi yake na mbuzi, kumwomba mume wangu radhi rasmi. Mume wangu alimpokea vizuri sana, akamkaribisha kiti, akamshukuru, na kisha akaniomba pembeni, kwa sauti ya chini, kama ninaweza kumtafutia mtu wa kumchinja huyo mbuzi.