Mlinzi Anayeuliza Mtaa

Mume wangu alifia nje ya lango la zahanati, wakati wa ule ugonjwa wa kubana pumzi, kwa sababu watu wa mtaa wetu waliamriwa kusubiri mwisho. Sisi tunalala tumebanana na bomba letu ni moja, kwa hiyo tuliugua wengi. Na kwa kuwa tuliugua wengi, tukaogopwa. Mlinzi wa lango hilo ana mikono mikubwa na sauti ya chini. Mtu akishika komeo, yeye hulifuta kwa kitambaa, kisha huuliza, "Unatoka mtaa gani?" Siku moja alimuuliza hivyo mama yake mzazi.

"Huko huko unakolala wewe," mama alijibu huku akihema. "Au barakoa imekuziba na macho?"

Foleni nzima ilicheka. Mlinzi hakucheka. Alimtolea mama yake kiti chake mwenyewe, akamkalisha nje juani pamoja na sisi, akarudi kusimama ndani, akafunga lango.

Yeye simdai. Ninayemdai ni mganga mkuu aliyetoa amri: aje hapa langoni anieleze, mbele ya watu, kwa nini tuliwekwa mwisho. Kila asubuhi nakuja kukaa hapa, na nitakuja mpaka atoke.