Ikupa na Njia ya Maji

Ukiacha barabara ya lami iendayo Kyela, duka la Kuruthumu likiwa mkono wako wa kulia, unashuka kwenye mtaa wetu wa Ibighi, hapa Tukuyu, ambao siku hizi hata mimi mwenyeji napotea. Ukisafiri wiki mbili tu, ukirudi unakuta geti jipya. Mabati ya bluu, mabati ya rangi ya damu ya mzee, uzio wa tofali za kuchoma, na mbwa ndani anakubwekea kwenye njia uliyoipita tangu ujana wako.

Ikupa, ambaye tunamwita Mama Lugano, alipoletwa hapa akiwa bibi harusi hapakuwa na geti hata moja. Ilikuwa migomba kutoka mlangoni kwake mpaka barabarani, na kahawa kidogo, na zizi la ng'ombe wa baba mkwe wake. Ni mwenzangu katika umoja wa akina mama kanisani. Haya ninayoandika ameniruhusu, ila aliniomba nisiandike kwamba ni shujaa. Basi siandiki.

Kwanza nieleze jambo moja kwa msomaji asiye wa kwetu. Sisi Wanyakyusa, mke wa mtu haonani uso kwa uso na baba mkwe wake. Tunaita ukutila. Akimsikia anakuja, anaacha njia na kujificha kwenye migomba. Hasemi naye, na jina lake halitaji. Mzee anaitwa Ambindwile, na kanisani yupo Ambindwile mwingine, basi Ikupa humwita huyo "yule baba wa besi", maana anaimba besi kwenye kwaya. Vijana wa sasa wanatucheka. Lakini Ikupa alifundishwa hivyo na mama yake kule Lufingo, na aliishika adabu hiyo miaka yote tangu alipoolewa.

Kwa hiyo yeye na mzee walizungumza kwa vitu. Mzee akitaka kuni aliweka shoka mahali ambapo Ikupa angeliona. Ikupa akipika, mtoto alipeleka sahani. Watoto walipokua wakaondoka, alianza kuiweka mwenyewe kwenye jiwe la mlangoni, anakohoa, anakimbia. Mzee naye anasubiri hatua ziishe ndipo atoke. Na njia walizigawana bila kuambiana. Upande wa chini, wa kijumba cha mzee, Ikupa hakwenda ila kupeleka hiyo sahani.

Kile kijumba cha mzee kilikuwa cha tofali mbichi. Mkewe alipofariki, mwanawe Asajile, mume wa Ikupa, alimsihi ahamie nyumba kubwa.

"Nihamie kwa mkwe wangu? Tukutane ukumbini kama wapangaji?" mzee alimjibu. "Niache huku huku."

Kati ya nyumba kubwa na kijumba kulikuwa na bonde dogo, kavu miezi mingi ya mwaka, la kuvuka kwa hatua chache. Ardhi ya chini yake Asajile na ndugu zake waliiuza, kiwanja kimoja kimoja, kama familia nyingi za hapa zilivyofanya mji ulipotufuata. Mmoja wa walionunua ni bwana Wilson, mtu mpole aliyehamia kutoka Mbeya. Alipotaka kujenga uzio, mzee bado alikuwa anatembea na fimbo yake. Asubuhi moja Ikupa alikuta mawe yamepangwa mstari, mazuri, meusi, kutoka kwenye bonde mpaka ndani ya kiwanja cha Wilson. Asajile hakuwepo. Ikupa akawaza kama alivyozoea kuwaza: baba ametoa mawe, tumpe jirani, ni wema wake. Akamwita fundi wa Wilson, akamwambia yachukueni.

Wiki hiyo hiyo miguu ya mzee ikamshinda, akalazwa hospitali muda mrefu. Aliporudi, uzio ulikuwa umesimama, umekata bonde kama mlango uliofungwa. Mzee aliutazama, akaingia kwake, na tangu siku hiyo hakutuma neno lolote kwa mwanawe kuhusu viwanja. Wao wakadhani ni ugonjwa.

Sasa niseme ya mwaka jana, mwezi wa nne. Mvua ya kwetu mnaijua. Lakini ile ilinyesha tangu alfajiri bila kupumua, na kufika mchana Mlima Rungwe haukuonekana kabisa. Asajile alikuwa Ikuti kwenye msiba. Ikupa alikuwa anachambua maharage ukumbini alipotazama dirishani akaona bonde lina maji. Si maji ya kupita. Yametulia, yanapanda. Yalikuwa yamefika kwenye jiwe la mlangoni kwa mzee, lile la kuwekea sahani.

Alipiga simu ya mumewe, haikupatikana. Alitoka akaita kwenye mageti, akagonga kwa mawe. Watu wako makazini, na waliokuwepo hawakusikia kitu kwa kelele za mvua kwenye bati. Hata mbwa hawakubweka. Akarudi, akafunga kanga kiunoni, akavuka bonde maji yakiwa magotini. Alipofika ng'ambo aligeuka nyuma, akaona mgomba mzima unapita pale alipotoka kukanyaga. Akajua kurudi kwa njia ile hakupo tena.

Akasimama mlangoni kwa mzee. Aliniambia, "Mama, miguu ilikataa. Maji sikuyaogopa kama ule mlango."

Akakohoa, kama siku zote.

"Weka hapo," sauti ya mzee ikasema kutoka ndani.

"Si chakula, baba."

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Mama Lugano."

"Toka hapo! Mwite mume wako."

"Yuko Ikuti, msibani."

"Ita wanaume wengine."

"Nimeita mpaka koo limekauka. Hawasikii. Baba, maji yameingia ndani."

"Nayaona. Ni miguu iliyokufa, siyo macho." Mzee akapumua kwa nguvu. "Umefanya vizuri kuja kuniaga. Sasa nenda, Kyala, Mungu wetu, yupo."

Ikupa akaweka kiganja ukutani, tofali zikamfuata kama ugali. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeshapasuka kutoka chini mpaka kwenye bati. Akaomba kimoyomoyo, maneno mawili matatu, hata hayakumbuki. Kisha akasema:

"Baba, jifunike blanketi kichwani. Mimi najifunika kanga. Nitaingia kinyumenyume. Sitakuona, hutaniona."

"Na kunishika je?"

"Kwa kukushika, Mungu atanisamehe leo, wewe utanisamehe kesho."

"Una kichwa kigumu, wewe mtoto!"

"Nimekipata hapa hapa nyumbani, baba. Umejifunika?"

Kipande cha ukuta kikaanguka kwenye maji ndani, chubwi.

"Nimejifunika," mzee akasema.

Aliingia kwa kisogo, akipapasa kwa mikono, maji yakiwa juu ya magoti, mpaka akagusa kitanda. Akachuchumaa, mzee akamshika mabegani, akamfunga mgongoni kwa kanga nyingine kama anavyofungwa mtoto. Alikuwa mwepesi, anasema, mwepesi wa kuumiza moyo. Alipotoka nje akafunua uso wake ili aone njia ya kuzungukia barabarani. Mzee akabaki ndani ya blanketi lake. Hawajaenda mbali, kijumba kikalala chote, bati likaelea juu.

"Ni nini hicho?" mzee akauliza.

"Nyumba yako, baba."

"Usigeuke. Tembea. Tuko wapi?"

"Nyuma ya uzio wa Wilson."

"Wilson simjui. Palikuwa na nini hapo?"

Ikupa alitaka kulia. Angejuaje palikuwa na nini? Huo ulikuwa upande wa mzee, ambao yeye aliukwepa tangu alipoolewa. Alijua mageti tu. Ya zamani hakuyajua, na mzee hakuyajua ya sasa.

"Sijui palikuwa na nini. Naona geti jekundu, na tangi la maji juu ya mnara."

"Geti jekundu liko upande wa mlima au upande wa ziwa?"

"Upande wa ziwa."

"Udongo unaokanyaga ukoje?"

"Mweusi. Unazama."

"Rudi!" Mzee alimshika shingo kwa nguvu mpaka akakohoa. "Rudi nyuma! Hiyo ni chemchemi. Ng'ombe wa baba yangu alimezwa hapo mpaka pembe. Panda upande wa mlima, utafute udongo mwekundu."

Akarudi nyuma, mguu mmoja ukatoka bila kiatu. Akakata upande wa mlima, akishika matofali ya uzio kwa vidole. Maji nyuma ya ule ukuta wa Wilson alikuwa anayasikia, yanagugumia kama kitu kilichofungiwa.

"Huo mlio ni wa nini?" mzee akauliza.

"Ukuta wa jirani umezuia maji."

"Si niliwawekea mawe!" Alisema kwa uchungu mpaka Ikupa akasimama. "Niliyapanga moja moja, na miguu hii. Nilisema, njia ya maji ni hapa, msiifunge. Mkanidharau, wewe na mume wako."

"Baba..."

"Mlinidharau."

"Baba, nilidhani umenipa mawe nimpe fundi. Yamo kwenye msingi wa ukuta."

Ikupa anasema aliona ni afadhali maji yamchukue. Halafu akahisi mgongoni mzee anatikisika, akadhani ni baridi au kilio. Alikuwa anacheka.

"Kumbe ndiyo maana haujaanguka bado," alisema ndani ya blanketi. "Nilichagua mawe mazuri mno."

Wakafika mahali njia inapogawanyika. Kushoto kuna uchochoro mpana uliomwagiwa saruji, safi, unaotokea barabarani upesi. Kulia ni kijia chembamba nyuma ya vyoo vya wapangaji, kimejaa matope na takataka, kinapanda. Akageukia kushoto.

"Umegeukia wapi?"

"Kwenye njia ya saruji. Ni karibu, baba, nimechoka."

"Inashuka kwanza kabla ya kupanda?"

Akatazama. Kweli, inashuka kidogo katikati.

"Inashuka."

"Basi ni yenyewe. Wameimwagia saruji tu, lakini ni mto. Panda kwingine."

"Kule ni kwembamba, nitaanguka na wewe."

"Tuanguke juu. Usinishushe huko, mwanangu."

Neno hilo "mwanangu" lilimpandisha, anasema, si nguvu zake. Akaingia kijia cha kulia, akishika bomba za vyoo, akipiga magoti kwenye matope na kuinuka tena. Walikuwa hawajafika juu waliposikia mshindo, halafu mvumo. Ukuta wa Wilson ulikuwa umeachia. Maji yote yaliingia kwenye ule uchochoro wa saruji, mekundu, yamebeba matofali, pikipiki ya mtu na bati la nyumba ya mzee, yakaujaza kutoka ukuta mpaka ukuta.

Ikupa aliyatazama. Mzee aliuliza tu, "Yamepita?"

"Yamepita, baba."

"Yanakwenda wapi?"

"Bondeni, kwenye mashamba ya chai."

"Ndiko yalikokwenda siku zote."

Kuruthumu alikuwa amesimama mlangoni pa duka lake anaisikiliza ile ngurumo, akaona mwanamke wa matope anakuja na blanketi mgongoni. "Ya Allah, Mama Lugano, umebeba nini?" Alipoona miguu ya mzee inaning'inia akaacha maswali, akamshusha kwenye magunia ya mchele, akaleta chai ya tangawizi na nguo kavu za marehemu mumewe. Alipogeuka kumpa Ikupa kikombe, hakumwona. Alikuwa nje, nyuma ya ukuta, chini ya mchirizi wa bati, anatetemeka meno.

"Ingia wewe, utakufa kwa baridi!"

"Baba yumo ndani, amejifunua."

"Kuruthumu," mzee akaita, "mwambie mkwe wangu asimame barazani angalau."

"Mwambie mwenyewe!" Kuruthumu alijibu. "Mmekuja mnaongea kutoka bondeni mpaka huku, umeniambia mwenyewe. Nyie Wakristo wa Tukuyu mna mambo! Mimi si simu."

Nilimuuliza Kuruthumu baadaye ilikuwaje. Alisema mzee alichukua lile blanketi bichi, akajifunika tena kichwa chote, akainua sauti:

"Ikupa. Ingia, mwanangu. Nimejifunika."

Hakuwahi kumtaja kwa jina lake. Ikupa akaingia, akakaa na mgongo wake ukielekea magunia, akanywa chai huku akilia, na mzee akanywa yake chini ya blanketi.

Bwana Wilson alikuja mwenyewe siku ya pili kuomba radhi, nao wakamwomba yeye radhi kwa ajili ya mawe. Uzio aliujenga upya lakini pale katikati ameacha nafasi pana, amejengea daraja dogo. Mzee ana chumba kipya, safari hii upande wa mlima, kwenye udongo mwekundu, kimegusana na nyumba kubwa ila mlango wake unatazama kwingine.

Hawaonani hata leo. Asiyewajua angesema hakuna kilichobadilika. Ikupa anaweka uji kwenye jiwe, anakohoa, lakini hakimbii. Anakaa chini upande huu wa mlango, na mzee anauliza kutoka ndani, "Leo wanajenga wapi?" Anamwambia: nyuma ya shule, ghorofa. Mzee anafikiri, halafu anamweleza palikuwa na nini hapo, na maji yake yalikuwa yanashukia upande gani. Uji unapoa. Jumamosi iliyopita niliwapita wakiwa katikati ya maneno hayo, na nilipotaka kusalimu, Ikupa akaweka kidole mdomoni mwake kuninyamazisha, akaendelea kusikiliza.