Baba mkwe, shoka na motor ya posho mill: nani aliizuia radi?

Wakuu, salamu kutoka Chepilat. Haya ni ya kweli, na mke wangu pia ako kwa hii forum, so siwezi kuongeza chumvi hata nikitaka.

Tuko na posho mill. Huku mvua ni kila jioni, na motor yetu ya kwanza iliungua na radi. Ya pili mke wangu aliuza ng'ombe wake wa maziwa ndio tuinunue. Akaniambia hii ikiungua nirudi kwetu Nyamira nikasage na mawe.

Nikaita fundi. Akaweka surge arrester, kale kadude ka kushika nguvu ya radi kabla ifike kwa motor, akapiga chuma chini nyuma ya nyumba, akavuta waya ya earth ya kuipeleka ardhini. Akaapa tumemaliza shida.

Sasa, baba mkwe. Mzee ni wa ukoo ambao mnyama wao, yaani alama ya ukoo, ni radi. Ngurumo ikizidi, wao hurusha shoka nje wakiiomba itulie. Mimi ni Mkisii, hayo ni mageni kwangu. Mkwe habishiwi.

Siku moja wingu likashuka, wateja wamejaa na mahindi yao. Mzee akaingia na shoka, akaniambia nizime mashine. Sio eti aliogopa stima. Alisema huwezi kuomba mtu kitu huku unampigia kelele.

Nikavuta main switch roho ikiniuma. Wateja wakaguna. Mzee akasema maneno yake kwa Kipsigis, akarusha shoka nyuma ya nyumba.

Radi ikapiga laini ya stima. Wueh! Kinyozi jirani, TV kwaheri. Jamaa wa welding, grinder yote moshi.

Mvua ikaisha, nikawasha yetu. Ikazunguka vizuri tu. Nilitaka kulia.

Kesho yake fundi akaja kujisifu. Akaenda nyuma, akarudi amekunja uso. Shoka lilikuwa limekata waya ya earth, so arrester yake ilikuwa pambo tu. Kilichookoa motor ni ile switch niliyovuta.

Akamweleza mzee polepole, kwa heshima.

Mzee akauliza, "Motor imeungua?"

"Hapana, mzee."

"Sasa hiyo waya ilikuwa ya nini?"

Fundi akaanza kukusanya spana zake.

Funzo langu: arrester weka, earth weka, lakini wingu likija zima switch, unga wa watu ungoje. Waya nimerudisha, nikaifukia chini kabisa.

Mafundi mlio hapa, mkiwa na jibu la swali la mzee, andikeni hapo chini. Wateja wangu siku hizi wakiona wingu hawaulizi kama kuna earth. Wanauliza mzee ako wapi.