Nilisema Naijua Milima

Sisi watu wa Moshi tuna ugonjwa mmoja usiotibika hata ukikaa Uchina miaka kumi: tunaamini Mlima Kilimanjaro ni mali ya ukoo. Mtu hajawahi kupita hata geti la hifadhi, lakini mgeni akitaja mlima, atakohoa kidogo, ataketi vizuri, ataanza kueleza. Mimi ni mmoja wao. Nimezaliwa na kukulia mjini, chini kabisa, kwenye joto na vumbi, na mlima nimeuona kupitia dirisha la jikoni kwa mama, siku ambazo mawingu yameamua. Kupanda sijawahi.

Kwa hiyo niliposhika simu chumbani kwangu Sanyuanli, mtaa mmoja wa Guangzhou, nikamwambia mama mmoja wa Tanga, "Usiwe na wasiwasi, mama, mimi ni mtu wa Moshi, milima naijua," sikuona kama ninadanganya. Niliona ninatoa taarifa.

Mama huyo alikuwa na binti hapa Guangzhou, mtoto wake wa pekee, mwanafunzi wa uhandisi wa maji aliyekuja kwa ufadhili. Tulijuana kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, aliponisomea fomu ya Kichina iliyokuwa imenishinda. Tangu siku ile akawa mdogo wangu na mimi dada yake. Kila Jumapili nikitoka kanisani anakuja kwangu kula ugali, na mimi nahakikisha nyama imetoka kwa mchinjaji Mwislamu.

Mwaka huo alikuwa na hamu moja kabla ya kumaliza masomo: kuziona nyanda za juu za Watibeti, ambako vitabu vyake vilisema mito mikubwa ya Asia inaanzia. Lhasa kwenyewe, mji wao mkuu, mgeni haendi bila kibali maalumu na mtu wa kumwongoza, kwa hiyo akachagua milima ya magharibi mwa jimbo la Sichuan. Kule nako ni kwa Watibeti, mahekalu ni yaleyale ya Kibudha, na hewa ni haba vilevile. Mama yake akakataa katakata. Alisema hakumzaa mtoto akafie mahali pasipo na pumzi. Ndipo binti akaniletea simu, nami nikatoa hotuba yangu ya Moshi, na kwa kuwa mdomo ulikwisha kushika kasi, nikaahidi nitamrudisha mzima kama nilivyomchukua.

Mama akasema, "Haya, mwanangu. Nimekusikia."

Kazi yangu ni kuwanunulia nguo wenye maduka wa nyumbani. Asubuhi niko soko la nguo la Shisanhang, mchana niko Kangle kwenye vyumba vya mafundi wa kushona. Nimekabidhiwa mizigo ya watu wengi mjini hapa, na sijapoteza hata kifurushi kimoja, lakini mtoto wa mtu ilikuwa mara ya kwanza. Ahadi ile ilinikaa kifuani. Msimu huo huo, mnisamehe, nilikuwa nasimamia oda ya fulana za duka moja la Moshi linalouzia watalii, zilizoandikwa POLE POLE kifuani kwa herufi kubwa, yale maneno ambayo waongoza watalii huwaambia wageni mlimani kutwa nzima. Niliikagua kila fulana kuona kama herufi zimenyooka. Maana yake sikuikagua.

Na Kichina changu ni cha sokoni. Laoban ni mwenye duka. Tai gui, ghali mno. Bu yao, sitaki. Halafu kuna man zou. Ukitoka dukani, ununue usinunue, laoban atakwambia man zou. Ukilitafsiri ni "nenda polepole," lakini sokoni ni kwaheri tu. Hakuna anayekwenda polepole Shisanhang. Ukijaribu, mkokoteni wa marobota utakukanyaga visigino. Nimeambiwa niende polepole mara elfu katika mji huu, na kila mara nimeongeza mwendo.

Mdogo wangu alijiandaa kwa daftari. Tulale siku mbili mji wa katikati ya safari, mwili uzoee. Siku ya kwanza juu tusioge. Tunywe maji mengi, tusikimbie, tusibebe vizito. Na mwisho, kwa kalamu nyekundu: kichwa kikiuma, sema. Alinisomea yote jikoni kwangu, mimi nikichambua mchicha.

"Hayo yaandikie watu wa Tanga," nilimwambia. "Sisi wengine tumezaliwa nayo."

"Sawa, dada," alijibu, akafunga daftari. Ana adabu ya watu wa Pwani, ile inayokufanya uone umeshinda.

Tulisafiri likizo ya mwezi wa kumi, mafundi wa Kangle walipofunga cherehani wakaenda kwao. Treni ikatufikisha Chengdu, basi likatupandisha hadi mji mdogo kando ya mto unaonguruma, na pale akanilaza siku mbili kama alivyoandika, nami nikinung'unika kwamba tunapoteza muda. Siku ya tatu tukapanda gari dogo, tukavuka mgongo wa mlima uliofunikwa theluji. Abiria mmoja, kijana wa Kichina mwenye misuli, alikuwa anavuta oksijeni kutoka kwenye kopo. Nilimtazama kwa huruma ya mtu wa Moshi.

Mji tuliofikia una kimo cha karibu mita elfu nne, na naomba niseme wazi kwamba sijawahi kuona mahali pazuri kama pale. Anga lilikuwa la bluu ya kufuliwa. Vitambaa vya sala vya rangi tano vilipepea kwenye kila kilima, na wazee walizunguka mnara mweupe wa Kibudha wakizungusha vigurudumu vyao vya sala, wakisalimiana na kucheka. Nilifurahi mpaka nikasahau baridi. Nikaanza kuuzunguka mnara na mimi ili niuone vizuri.

"Dada," mdogo wangu akasema, "wote wanakwenda kule."

"Sisi tunakwenda huku."

Nikapishana na wazee kama kumi hivi, kila mmoja akinikwepa kwa upole, mpaka bibi mmoja akanishika mabega, akanigeuza mzimamzima na kunisukuma kidogo mgongoni. Kumbe mnara unazungukwa kwa kuuweka mkono wa kulia. Mdogo wangu alicheka akakiri kwamba hata yeye miguu ilitaka kwenda kushoto, maana tangu utotoni ameona mahujaji kwenye televisheni wakiizunguka Kaaba upande huo. Tofauti ni kwamba yeye alitazama kwanza.

Tulifikia nyumba ya wageni ya mama mmoja wa Kitibeti mwenye mashavu mekundu na aproni ya mistari. Alitupa chai yenye siagi na chumvi, ambayo ukiichukulia kuwa ni supu inanyweka. Nililala vibaya, na asubuhi kichwa kilikuwa kinanigonga kwa ndani.

"Umeamkaje, dada? Kichwa?"

"Salama kabisa."

Hapo ndipo nilipokosea. Siku iliyofuata tulikuwa tumepanga kwenda kwenye bonde ambako mmoja wa ile mito yake unaanzia, mwendo wa saa chache zaidi. Ningesema kichwa kinauma, safari ingeishia pale, na mimi ningekuwa mwongo mbele ya mama wa watu. Nikavaa jaketi, nikatangulia kwenda hekaluni, kilimani juu ya mji.

Mama mwenye nyumba alitusindikiza mlangoni. "Man zou," akasema. Nikampungia mkono. "Man zou, man zou." Nikapunga tena. Akatufuata hadi getini, akanishika mkono wa jaketi, akarudia huku amenikazia macho. Nikambusu shavuni, nikamwambia mdogo wangu kwamba watu wa huku wanaagana kwa mapenzi sana.

"Dada, nadhani anatuambia twende polepole."

"Maana yake ninaijua. Nimeishi nchi hii kabla wewe hujamaliza shule."

Nikazipanda zile ngazi kwa mwendo wa Shisanhang. Yeye alikuja nyuma, hatua tano, anasimama, anavuta pumzi, hatua tano. Mara tatu nilimwambia ajikaze. Nilipofika kwenye ua wa hekalu, penye moshi wenye harufu ya majani makavu na watawa wenye mavazi ya rangi ya zambarau iliyoiva, nilijiona nimeshinda, kisha nikainama ukutani nikatapika ile chai yote. Nilipoinuka miguu haikuwa yangu.

Alinikuta nimekaa chini. Hakuuliza kama naumwa. Aliuliza, "Kimeanza saa ngapi?"

"Hakuna kilichoanza. Ni ile siagi."

"Simama. Tembea juu ya mstari huu, kisigino kiguse kidole." Alinionyesha mfereji mwembamba kati ya mawe ya sakafu. Nilijaribu, nikaenda upande kama mlevi wa harusini. Watawa wawili wakaacha walichokuwa wanafanya.

"Tunashuka," akasema. "Si nyumba ya wageni. Tunashuka mpaka kule kwenye mto."

"Wewe kaone hekalu, nitakungoja. Na kesho ni bonde lako."

"Bonde lipo, dada."

"Nimesema nitakungoja."

Nilikuwa mkali, nakumbuka. Nilimwambia mimi si mtoto. Uso wake ulibadilika, sijui kama kwa hasira au kwa hofu. Kwa muda mfupi alirudi nyuma hatua moja, nikadhani ataondoka. Halafu akaja, akapitisha mkono wangu shingoni kwake. Tukashuka ngazi moja moja, tukipumzika kila hatua tano, mtawa mmoja akitubebea mkoba. Getini mama mwenye nyumba alinigombeza kwa Kitibeti dakika nzima. Sikuelewa neno hata moja na nilielewa yote. Mumewe akawasha gari kabla hatujaomba.

Njiani kila tulipokata kona kuteremka, kile kitu kichwani kililegea kidogo. Mdogo wangu aliketi ameushika mkono wangu, akiniuliza maswali ya kijinga ili aone kama najibu sawasawa: jina la kanisa langu, bei ya robota, leo siku gani. Alasiri tulipofika kwenye mto unaonguruma, niliomba chakula. Hapo akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, nami nikamweleza ukweli kwamba Kilimanjaro nimeuona kwa dirisha tu.

"Nilijua, dada."

"Tangu lini?"

"Kangle, uliponunua jaketi ukauliza kama kuna la mikono mifupi."

Siku mbili zilizobaki tulikaa kando ya mto ule, hatukuona chanzo cha maji yoyote, na sikumbuki likizo niliyoifurahia kama ile. Tulikula tambi za mayai, tukatembea, polepole kweli, tukapigwa picha na kila bibi aliyependa nywele zangu. Tuliposhuka kwenye treni Guangzhou, hewa ilikuwa nzito na ya majimaji kama kawaida yake, ile ninayoilalamikia kila siku. Niliivuta yote.

Jumapili iliyofuata alikuja kula kama kawaida. Akashika mwiko kwa sababu alisema bado sijapata nguvu ya kusonga ugali, na mimi sikubisha. Simu yangu ikalia, ni mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimepiga kukushukuru. Umenirudishia mtoto wangu mzima."

Ningeweza kuipokea shukrani ile tukamaliza. Haikuwa yangu. Nikamwambia, "Mama, nilikudanganya. Mlima sijawahi kupanda. Niliugua kule juu, nikakataa kushuka, na yeye ndiye aliyenileta chini. Mimi sikumrudisha mtu."

Nilijitayarisha kusemwa.

"Alikushika?" akauliza.

"Mama?"

"Huyo binti yangu. Alikushika kwa mikono yake?"

"Alinishika, mama. Nilikuwa nimetapika, nimechafuka. Aliniegemeza begani kwake kutoka juu mpaka kwenye gari."

Nikasikia anavuta kamasi. Kisha akaniambia jambo ambalo binti hajawahi kunitajia. Baba yake aliugua miezi mingi nyumbani, na mtoto huyu kila akitumwa kumpelekea maji alikuwa anaishia mlangoni. Aliogopa. Aliweka kikombe sakafuni, akakimbia. Mzee alifariki bila kushikwa mkono na mwanawe, na tangu siku hiyo binti amekuwa akisema yeye ni mtu wa kukimbia wagonjwa, hafai.

"Nilikuwa namwambia kwamba alikuwa mtoto tu," mama akasema. "Hasikii. Sasa wewe niambie tena. Hakukimbia?"

Nilimtazama pale jikoni, mgongo umenielekea, anasukuma mwiko kwa nguvu zake zote. Nilikumbuka ile hatua moja aliyorudi nyuma.

"Hakukimbia, mama," nikasema, na nikalisema kwa sauti, ili na yeye alisikie.