Kibwawa cha Chini kwa Bi Edita

Tone. Tone. Tone.

Niliamka kabla ya adhana nikadhani paa linavuja. Nikainua mkono kupapasa makuti. Makavu. Ilikuwa kiangazi.

Maji yale yalikuwa yanatoka kwangu. Yanapita kwenye kamba za kitanda, yanadondoka mchangani.

Wajukuu zangu, wakati huo Mwingereza bado anatawala. Mimi Mastura ndiyo kwanza nimeolewa na Abdulrahmani, karibu na mji mdogo wa Mtama, huku Lindi. Nilipata uchungu mrefu, mtoto akafia tumboni. Tangu hapo mkojo ukawa haushikiki.

Mama mkwe wangu, Mwanaima, akanihamishia kibanda cha nyuma. Yeye ndani mwake alifukiza udi asubuhi na jioni. Nikajua anakimbia harufu yangu.

Kisimani ilikuwa mbaya zaidi.

"Jamani, leo nani kaleta samaki kutoka pwani ya Sudi?" jirani yetu Siti aliuliza, kanga puani.

"Na wamelala hao," mwenzake akadakia.

Wakacheka. Nikajitwisha mtungi nusu, sikurudi tena pale.

Mume wangu alikuwa kibarua kwa Bi Edita, mjane wa Kizungu mwenye nyumba ndogo na bustani yenye chemchemi. Alitaka bwawa la kuogelea, lakini hakutaka saruji. Vibarua wakachimba, wakakanyaga udongo wa mfinyanzi kwa miguu mpaka ukashika maji. Upande mmoja wakapanda matete na yungiyungi, ati maji yajisafishe yenyewe.

"Bahari yote ile Lindi, yeye kajichimbia shimo la vyura," watu walisema.

Mimi nililipenda shimo lile. Lina maji, na alfajiri halina mtu.

Nikawa naenda gizani, najibanza kwenye matete, nafua vitambaa vyangu. Nilijua nikikamatwa Abdulrahmani atafukuzwa kazi, nami nitarudishwa kwetu.

Asubuhi moja nikasikia kikohozi. Bi Edita alikuwa majini, kichwa tu juu.

"Nani hapo?"

Nikaficha vitambaa kifuani. Mkojo ukanichuruzika mbele ya macho yake.

Aliona. Kisha akageuza uso, akatazama upande mwingine kabisa.

"Hapo usifue, binti. Maji hayo yanakuja huku kwangu." Akaogelea kuelekea upande wa pili. "Nenda. Sijaona mtu."

Sikwenda tena. Nilijifungia kibandani, nikasubiri kurudishwa.

Haukupita muda, Bi Edita akaamuru lichimbwe shimo jingine dogo, chini, pale maji ya bwawa yanapotokea kwenda kwenye migomba. Likazungushiwa ua wa makuti.

"La mbwa wake," watu wakasema.

Siku lilipojaa, Mwanaima alisimama mlangoni pangu.

"Chukua vitambaa vyako. Twende."

"Wapi, mama?"

"Twende, nimesema."

Nililia njia nzima. Nilijua napelekwa kwa wazazi wangu.

Akakata kona kwa Bi Edita. Akafungua ua wa makuti.

"Mzungu alikutambua kuwa mke wa kibarua wake, akaniita akaniuliza habari zako. Nikamwambia unachohitaji. Hapa maji yanatoka, hayarudi kwake. Ingia."

Nikasita. Kwetu mkwe haoni maungo ya mkwe.

Mwanaima akavua kanga, akatangulia yeye. Niliinamisha macho, lakini nilikuwa nimeshaona. Alikuwa amejifunga vitambaa kama vyangu.

"Tangu nimzae Abdulrahmani," alisema bila kunitazama. "Unadhani udi ule wote ni wa nini?"

Niliona haya kuliko siku ile ya kisimani. Mtu niliyemwita adui moyoni.

"Na kibanda, mama?"

"Kilikuwa changu. Mle mtu analia asisikiwe."

Tukafua. Maji yakachukua kila kitu, yakaenda zake kwenye migomba.

Wajukuu zangu, siku hizi ugonjwa huu, wenyewe wanauita fistula, unashonwa hospitali. Hata mimi nilishonwa miaka ya baadaye, ndipo nikamzaa baba yenu. Mkiona binti anajitenga, anakwepa kukaa na watu, msizibe pua. Mfuateni aliko. Aibu mtu akiibeba peke yake humvunja mgongo. Wakiwa wawili hubebeka.

Siku ile tulirudi nyumbani pamoja. Mwanaima, ambaye hakuwahi kuomba kitu kwa mtu, alisimama mlangoni pake, ameshika fremu.

"Kesho unipitie tena, mwanangu," alisema. "Usiponipitia, siendi."