Mlio wa Kinu Kitupu

Enzi zetu pale Kimamba, mtoto wa miaka sita aliweza kutofautisha kinu chenye mahindi na kinu kitupu bila hata kukiona. Chenye mahindi kilikuwa na mlio mzito, wa kushiba. Kitupu kililia kikavu na kwa haraka, kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Wenzangu tuliosoma pamoja mtanisahihisha nikikosea, ila sidhani kama yupo aliyesahau. Kinamama wakianza kutwanga vinu vitupu, ujue mgambo wa kodi wameshuka kwenye treni, na wanaume wenye akili zao wanaingia kwenye mkonge.

Lakini ngoja nianze na mazuri, maana yalikuwepo. Mnakumbuka rede tulizocheza kwa mpira wa soksi kuukuu? Mnakumbuka kombolela katikati ya mistari ya mkonge, unarudi nyumbani umechomwa miba magotini na mama anakuongezea na fimbo kwa kuchana gauni? Sisi wasichana tuliokota singa za katani nyuma ya korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, tukawasukia wanasesere wetu nywele ndefu kuliko zetu. Hewa yote ilinuka yale maji ya korona, na tulizoea hadi mgeni akiziba pua tulimwona ana maringo. Shuleni tulianza na mchakamchaka, na Ijumaa ilikuwa siku ya jembe. Sukari ilipokuja dukani tulipanga foleni kwa mawe. Unaweka jiwe lako, unaenda kucheza, ukirudi jiwe lipo na zamu yako ipo. Leo hii niambie wapi utaacha jiwe ukalikuta.

Treni ilisimama Kimamba muda wa kutosha mtu kununua machungwa dirishani, kulalamika kuhusu bei, na kurudishiwa chenji. Nimeipanda hii mpya ya umeme kutoka hapa Kilosa mjini ninapoishi sasa. Nisiwe mwongo, ni nzuri, inaenda kama upepo na viti vyake vinakushika mgongo. Ila madirisha hayafunguki, na Kimamba niliiona kwa muda wa kupiga chafya mbili.

Baba yangu, Mzee Ramadhani, alikuwa mkata mkonge kabla ya kugeukia kilimo cha mahindi na pamba. Alikuwa na redio ya mbao, na betri zake tulizianika juu ya bati mchana ili zipate nguvu ya kumaliza taarifa ya habari ya jioni. Wakati wa habari hata kuku alifukuzwa uani. Baada ya habari wanaume walibishana, na baba ndiye aliyebisha kuliko wote. Kwenye mikutano ya kijiji alikuwa anasimama, anavua kofia, anasema, "Mwenyekiti, naomba ufafanuzi." Watu walianza kucheka kabla hajafika mwisho. Aliuliza kuhusu pampu ya kisima iliyochangiwa na haikuonekana. Aliuliza kwa nini mizani ya pamba ilikuwa mgonjwa kila msimu, na siku zote kwa kupunguza. Mwenyekiti alifuta jasho, lakini alijibu. Hata kama alijibu uongo, alisimama mbele ya watu akajibu.

Nataka mnielewe kuhusu kodi, maana vijana wa leo ukisema baba yako alijificha kodi wanadhani alikuwa mkwepaji. Kodi ya kichwa ilikuwa kwa kila mwanaume mzima, awe na kitu asiwe nacho. Baba alilipa kila mwaka. Stakabadhi zake alizipanga kwenye kopo la kakao, moja juu ya nyingine, na akienda safari alichukua ya mwaka ule akaishonea ndani ya kofia. Ugomvi wake ulikuwa juu ya wakati. "Nitawapa nikiuza pamba," alisema. "Sasa hivi wanataka nikauze nini, mlango?" Mgambo walikuja kipindi cha njaa, unga wa njano ukiwa ndani kwa kupimwa na kikombe, kwa sababu makao makuu yalitaka hesabu zifungwe. Kwa hiyo wanaume walikaa kwenye mkonge siku mbili tatu, mgambo wakachoka wakaondoka, na baada ya mavuno kila mtu akaenda mwenyewe kulipa. Ulikuwa utaratibu wetu wenyewe, na ulifanya kazi miaka yote hadi ule mwaka nilipouharibu mimi.

Nilikuwa na miaka tisa. Asubuhi vinu vilikuwa vimelia, wanaume wakaondoka. Mama alikuwa anampeleka mdogo wangu zahanati, akaniacha nyumbani na maagizo: "Ukiona mgambo, shika mchi utwange. Usiseme kitu, wewe twanga tu." Mgambo nilimjua. Alivaa kaki, alishika rungu, alikuwa na viatu vizito. Nikakaa karibu na kinu nikimsuka mwanasesere wangu.

Akaja mzee mmoja anasukuma baiskeli, kavaa kanzu na kofia safi ya kufuma. Nikapiga goti, "Shikamoo babu." Akasema, "Marahaba mjukuu wangu, hujambo? Mama hajambo?" Akanisifu kwa kusuka. Akaomba maji, nikampa kwa mikono miwili, akanywa akiwa amekaa, taratibu. Kisha akauliza, "Baba yuko wapi? Nina mzigo wake kutoka Kilosa."

Nyumbani kwetu mtoto hakuwa na ruhusa ya kukaa kimya mbele ya mkubwa. Mama alikuwa akisema, "Mkubwa akikuuliza unamjibu, humkodolei macho kama kinyago." Kumdanganya mzee mwenye kanzu sikujua hata kama kunawezekana. Nikasema, "Yuko kwenye mkonge, mstari wa pili ukivuka reli." Nikasogea hadi njiani nikamwonyesha kwa mkono, asije akapotea.

Mgambo waliwakuta wanaume watano, pale pale nilipomwonyesha yule mzee. Waliwafunga mikono kwa kamba moja ya katani, wakawapitisha mbele ya shule, wenzangu wakiwa mstarini kwa kipindi cha mchana. Mimi nilikuwa nimekimbia nyuma ya waliofungwa, nikasimama kwenye kona ya darasa la nne. Baba alikuwa wa tatu kwenye kamba, kofia imeanguka, hana namna ya kuiokota. Mwalimu akatuamuru tuimbe, nadhani alitaka tuangalie pembeni. Tukaimba wimbo wa nchi yetu nzuri, na baba yangu akapita.

Siku tisa walifyeka majani na kuchimba mtaro kwenye ofisi ya kata, wakala walichopelekewa na wake zao. Aliporudi nilimsubiri anichape. Niliitaka ile fimbo, wallahi, nilimletea mwenyewe. Akaiangalia, akaiegesha ukutani. Akasema, "Ulikuwa na adabu, mwanangu. Hukukosea." Hakurudia tena jambo hilo mpaka anaingia kaburini. Lakini kwenye mikutano alianza kukaa nyuma, karibu na mlango. Watu walipopiga makofi, naye alipiga. Watu waligeuka kumwangalia wakisubiri lile neno lake la ufafanuzi, na baba alikuwa anaitazama kofia yake magotini. Hilo nililifanya mimi, na sijajisamehe.

Sasa niseme ya leo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nimebakiza miaka michache nistaafu. Kodi yangu inakatwa kabla sijauona mshahara, na siichukii kodi. Dawati, dawa, daraja, vyote vinatoka humo. Ninachochukia ni namna ya kuombwa. Siku hizi hakuna mgambo wa kushuka kwenye treni, kodi inakuja yenyewe. Unanunua umeme, imo. Unamtumia mama mkwe hela ya dawa, imo, na yeye akienda kuitoa inamkata tena. Na ukiuliza, hakuna mwenyekiti wa kufuta jasho, kuna ujumbe tu kwenye simu unaokushukuru kwa kutumia huduma.

Binti yangu Rehema ana kibanda Mikumi, pale barabara kuu yanaposimama malori. Anauza chaja na makava ya simu, na ni wakala wa kutuma na kutoa pesa. Mtoto wa kizazi hiki kamili, chaji ikibaki kidogo anahema kama mgonjwa. Kinu cha marehemu mama yangu kiko uani kwangu, na akija likizo anakipindua anakifanya kigoda cha kukalia akipaka kucha rangi. Aliwahi kuniuliza kama zamani tulikuwa tunatwanga kwa ajili ya mazoezi.

Mwezi uliopita alijirekodi mbele ya kibanda chake. Alishika stakabadhi mkononi, akazisoma moja moja kwa sauti ya upole: leseni, ushuru, ada ya taka, na nyuma yake lundo la taka linaonekana lina mbwa wawili juu. Hakutukana mtu. Mwishoni akaitazama kamera akasema, "Mimi silalamiki, ndugu zangu viongozi. Naomba ufafanuzi."

Alikuwa mchanga mgongoni babu yake alipofariki. Sikuwahi kumsimulia mambo ya mikutano, nani angemsimulia? Nilikaa chini na simu mkononi.

Video ilizunguka hadi ikafika kwenye kundi letu la simu, la tuliomaliza darasa la saba pamoja. Mliipigia makofi, mkasema damu ya Mzee Ramadhani hiyo. Baada ya saa moja nikaona ujumbe umefutwa. Kisha mwingine umefutwa. Nikakaa naangalia mnafuta, mmoja baada ya mwingine, watu wazima wenye wajukuu, mpaka ikabaki video peke yake. Kisha mmoja wetu akatuma picha ya maua na "asubuhi njema" saa kumi jioni. Siwalaumu. Na mimi nilikuwa nimefuta.

Nikampigia Rehema, "Itoe hiyo video."

"Mama, nimekosea wapi? Nimeuliza tu."

"Wenzako wanaouliza wanakwenda wapi, husikii?"

"Wewe si mwalimu, mama? Mtoto akiuliza darasani huwa unamfanyaje?"

Nikamwambia ale vizuri.

Jumamosi iliyopita, mchana, nikiwa nachambua mchele uani, wakaja vijana wawili. Mashati yamepigwa pasi. Gari lao liliachwa barabarani, halina maandishi. Mmoja akainama vizuri kabisa, "Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu."

"Habari za hapa? Tunamuulizia dada Rehema. Tuna mzigo wake."

Miguu yangu ikawa ya miaka tisa. Mchele ulinimwagika kutoka kwenye ungo, nikajifanya naokota. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamtazama usoni mtu aliyenisalimia kwa heshima, nikamdanganya. Nikasema Rehema hayupo, amekwenda Mamboya kwa shangazi yake, huko milimani mtandao unasumbua, labda wiki ijayo.

Nilidanganya vizuri. Nilitaja hadi jina la shangazi. Yule kijana alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, ana malezi mazuri kijana yule. Mwenzake alikuwa anaangalia simu yake. Akaigeuza kidogo, wakaitazama wote wawili.

"Haya mama, asante sana," akasema. "Basi tutamkuta hapo hapo kibandani kwake Mikumi."

Wakaaga, wakaondoka bila haraka. Kumpata baba yangu kulihitaji mtoto mjinga wa kumwonyesha kwa kidole. Mwanangu ananyooshewa kidole na kitu anachokichaji mwenyewe kila siku, na hata mama yake akijifunza kusema uongo akiwa na miaka hamsini, haisaidii.

Nikampigia. Yule mwanamke wa kwenye simu, mwenye sauti isiyochoka, akaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikapiga tena. Haipatikani. Sijui kama kaizima mwenyewe au kazimiwa. Nikafungua kundi letu, nikaandika, "Aliye Mikumi amwambie Rehema aondoke kibandani." Nikaona alama kwamba mmesoma. Watu kumi na saba mmesoma.

Nikasimama. Nikakigeuza kinu cha mama kikasimama wima, nikachukua mchi nyuma ya mlango, nikaanza kutwanga. Hakikuwa na kitu ndani. Mlio ulikuwa ule ule, mkavu, wa haraka, ukapita juu ya mabati ya jirani. Msichana wa nyumba ya pili akachungulia ukutani, simu mkononi, akacheka, "Ma'mkubwa, unatwanga nini? Si upeleke mashineni?" Alipoona uso wangu akashuka.

Kule Kimamba enzi zile, kabla mchi haujapiga mara kumi, mstari wa mwisho wa mkonge ulikuwa umeshameza wanaume wote wa kijiji, na kila mwanamke aliyesikia alishika mchi wake akapokea, nyumba hadi nyumba mpaka relini. Nilitega sikio kati ya pigo na pigo. Nilisikia redio, bodaboda, na mtoto wa mtu akilia. Kutoka hapa hadi Mikumi ni zaidi ya saa nzima kwa gari. Nikaendelea kutwanga.