Redio na Njia ya Mafunjo

Mume wangu walimwita Redio. Jina hilo alipewa na wakata mafunjo wenzake akiwa bado kijana, kwa sababu ndani ya kinamasi alikuwa hanyamazi. Ndege akilia huku, yeye anamjibu kule, mpaka ndege mwenyewe anachanganyikiwa na kuja kumchungulia. Baadaye, wageni walipoanza kuja kutazama ndege, wasimamizi wa safari hizo hawakuhangaika kutafuta mtu. Wakamvika fulana ya kijani yenye picha ya korongo mgongoni, wakampa mtumbwi mpana wa watu watano, akawa mwongoza wageni. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi na tisa, na hakuwahi kumlowesha mtu hata kiatu.

Nayasema haya kwanza ili msije mkamhukumu kwa siku moja.

Macho yalianza kumwacha taratibu. Mimi niliona nyumbani. Siku moja alitundika koti kwenye msumari ambao tulikwisha kuung'oa. Koti likaanguka, akacheka, akasema msumari wa nyumba hii una kiburi. Juma lililofuata akamimina chai pembeni ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka mapajani mwake. Kisha akaanza kugonga bega kwenye fremu ya mlango aliopita tangu tuoane. Nikamshika mkono mpaka kwa daktari wa macho. Daktari akamulika, akaandika, akasema ni presha ya macho, kilichokwenda hakirudi, na matone atakayotumia ni ya kuchelewesha tu. Mume wangu alikuwa anaona katikati peke yake, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo, na tundu lenyewe lilikuwa na ukungu.

Njiani akaniambia, "Mama watoto, hili liishie kwetu. Ndege mimi siwatazami, nawasikia. Maji nayajua kwa pondo ya kusukumia. Macho ni ya wageni, wao ndio waliokuja kuangalia."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, na ndani ya kile kicheko nilikuwa nimeshakubali.

Basi akamwomba msimamizi niwe naingia naye mtumbwini kuwagawia wageni chai. Msimamizi akasema ni wazo zuri, wageni wanapenda kuhudumiwa. Nikawa nakaa mbele kabisa na kikapu changu, wageni katikati, Redio amesimama nyuma na pondo, ule mti mrefu wa kusukumia. Kikombe changu cha bati ndicho kilichokuwa macho yake. Nikikigonga ubavuni mwa mtumbwi mara moja, kuna kitu kushoto. Mara mbili, kulia. Mara tatu, simama. Wageni walidhani ni mama wa chai tu, mikono yake haitulii.

Mimi sijui kuogelea. Maji yakinifika kifuani roho inataka kutoka. Kila alfajiri kabla ya kufunga kanga nilipiga magoti, nikamwomba Mungu atulinde, na papo hapo nikamwomba msamaha wa uongo ninaokwenda kuufanya. Sala mbili hizo zilinichosha. Nilikuwa naona haya kuzitoa kwa pumzi moja.

Palikuwa na jambo jingine alilokuwa akilitegemea kuliko kikombe changu. Kinamasi kile kina vichochoro vingi, na vyote ukivitazama vinafanana. Tangu ujana wake Redio alikuwa akifunga mafundo kwenye mabua ya mafunjo pale njia inapogawanyika: fundo moja, shika kushoto, mafundo mawili, shika kulia. Waongoza wageni wenzake walimtania kwamba anasuka nywele za kinamasi. Sasa mafundo yale aliyasoma kwa vidole. Mtumbwi ukikaribia njia panda alinyoosha mkono, akapapasa mabua kama mtu anayechagua kitambaa, akaguna. Na kanuni yetu ilikuwa hii: fundo linashinda kikombe. Nikigonga, naye akainua mkono, maana yake ameshika fundo, ninyamaze.

Siku ninayoisimulia ilikuja baada ya upepo mkali wa usiku na mvua. Wageni walikuwa wawili: mwalimu mstaafu, mama mmoja mnene, mcheshi, na mumewe injinia, mwenye darubini kubwa shingoni. Walikuja kumtafuta yule korongo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Mwalimu alisema amefundisha watoto habari za ndege huyo miaka thelathini na hajawahi kumtia machoni.

"Leo asipotokea namwandikia barua ya kumwita mzazi wake," alisema. Sote tukacheka.

Tuliingia vizuri. Redio alikuwa katika siku yake. "Mwalimu, kulia kwako, juu ya tete linalopinda, mdiria mdogo." Wakageuka, wakamwona, bluu kama kidonge cha wino.

"Kaka, wewe una macho!" akasema mwalimu.

"Haya ya kawaida tu, dada. Ya kazi ni masikio."

Niliinamisha uso, nikajifanya nafungua chupa ya chai.

Tukafika njia panda ya tatu. Pale huwa pana mti mkavu, mweupe, umesimama upande wa kushoto, na yangeyange, wale ndege weupe, hulala juu yake. Siku hiyo nilipoutafuta, nikauona uko kulia. Nikafumba macho, nikafumbua. Bado uko kulia. Nikagonga kikombe mara tatu.

Redio akainua mkono. Alikuwa ameshika fundo. "Mawili," alinong'ona mwenyewe, akasukuma kulia.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na silitupi kwa mtu mwingine. Macho yangu mazima yaliniambia kitu, na mimi nikaamini vidole vyake. Tangu aanze kuyasoma mafundo kwavyo havikuwahi kukosea. Nikajiambia labda mimi ndiye niliyechanganyikiwa, mwanamke wa nchi kavu, kinamasi nakijulia wapi? Kumbe mafunjo yale yanaelea. Mizizi yake imesukana kama mkeka juu ya maji, na upepo wa usiku ulikuwa umeukata mkeka mzima na kuusogeza, pamoja na mafundo yake. Mafundo yalikuwa sahihi. Mahali ndipo palipokuwa pamehama.

Kichochoro kikabana. Mabua yakaanza kutukwaruza mabega. Mwalimu akaacha utani. Nyuma yetu nikasikia mchakacho mzito, nikageuka: mkeka wa mafunjo ulikuwa unasogea polepole, unafunga mahali tulipopita. Mbele pakafunguka kidimbwi kidogo cha maji meusi, kimezungukwa pande zote isipokuwa mwanya mmoja mwembamba ng'ambo.

Redio alishusha pondo, na pondo ikaenda, ikaenda, karibu imponyoke. Hakutarajia kina kile.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "wageni wapate chai." Hiyo ilikuwa alama yetu nyingine. Maana yake: nimepotea, niambie nilipo.

Kabla sijafungua mdomo, maji yakapumua.

Hakuna namna nyingine ya kulisema. Fuuu, nzito, yenye mvuke, karibu kiasi kwamba harufu ilitufikia. Masikio mawili madogo yakatokea, yakatikisika. Halafu macho. Halafu, nyuma yake, kichwa kidogo cha mtoto. Kiboko jike na ndama wake, mwendo wa vyumba viwili kutoka nilipokaa, na mtumbwi wetu umekaa sawasawa katikati yake na ule mwanya.

"Ni korongo?" akauliza injinia, akiinuka na darubini yake.

"Keti!" nikasema. Sauti ilinitoka ambayo sikuwa naijua. "Keti, baba, kwa jina la Mungu!"

Akaketi. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia, yakanilowesha miguu. Nilitazama kikombe cha bati mkononi mwangu. Hapakuwa na ishara ya kiboko. Hatukuwahi kupanga nigonge mara ngapi kwa kiboko na mtoto wake. Nikajua kwamba nikinyamaza kumfichia mume wangu siri, tunakufa sote wanne na siri yetu.

Nikasema kwa sauti, kila mtu akisikia: "Baba watoto, kiboko na ndama. Mbele yangu, kidogo kushoto. Vyumba viwili. Anatutazama. Mwanya wa kutokea uko kulia, sisi tumeuziba."

Mwalimu aligeuka taratibu akamtazama Redio, aliyekuwa ameelekeza uso wake pasipo na kiboko.

"Kaka," akanong'ona, "humwoni?"

"Masikio yake yamekaaje?" Redio akaniuliza mimi.

"Yamelala nyuma."

"Ndama yuko upande gani?"

"Nyuma yake. Upande wa mafunjo."

"Basi anataka kumtoa na sisi tumekaa mlangoni. Usigeuke. Nipe umbali wa mafunjo, mkono wangu wa kushoto."

"Pondo moja. Pungufu. Sukuma nyuma kidogo. Hapo. Sasa kushoto. Bado. Bado. Baba watoto, amezama!"

Maji yalifunga juu ya kichwa chake bila sauti, na hilo lilinitisha kuliko pumzi. Nilikuwa naona viputo vinakuja. Sikukumbuka sala hata moja. Miaka yote ya kusali, na kilichonijia ni neno moja tu, "Mungu, Mungu," kama mtoto anayemwita mama yake kwenye giza. Redio alijitupa kwa uzito wake wote, pua ya mtumbwi ikaingia mafunjoni, mabua yakavunjika usoni kwangu, tukajikita humo tumeinama kama kuku chini ya tenga.

Kisha kitu kikatuinua. Siyo kutupiga, kutuinua, kama mtu anayesogeza stuli kwa goti. Mtumbwi ukapanda, ukalala upande, mwalimu akanishika kiuno, nami nikashika mafunjo kwa mikono yote miwili. Tukashuka. Wimbi likapita. Nilipoinua kichwa niliona mgongo mweusi unaingia kwenye ule mwanya, na mgongo mdogo nyuma yake, wanaharakisha.

Injinia alikuwa anatetemeka hadi darubini inagonga vifungo vya shati lake.

"Mti mkavu unauona?" Redio akaniuliza.

"Naona ncha yake. Nyuma yako, kulia."

"Mbali?"

"Mbali. Kuna mafunjo katikati."

"Yanaelea hayo. Tutayasukuma. Sema tu, usinyamaze."

Nikasema. Saa nzima na zaidi nilisema: kushoto, kulia, ngoja, inua, maji meupe, maji meusi. Yeye akasikiliza pumzi za mbali na kutuzuia kila zilipokaribia. Koo lilinikauka, na bado niliogopa kunyamaza hata kumeza mate. Injinia alisukuma mabua kwa mikono mpaka ikachubuka. Yule korongo hatukumwona. Labda alikuwepo. Hakuna aliyeinua macho kumtafuta.

Tulipotokea kwenye maji mapana na gati likaonekana, mwalimu ndipo alipozungumza, na hakuzungumza na Redio. Alizungumza na mimi.

"Mama, wewe ulijua."

"Nilijua, mwalimu."

"Ukatupakia. Ukatumiminia chai, ukatuchekea."

"Ndiyo."

"Mimi nina wajukuu."

Ningesema nini? Kwamba nampenda? Hata kiboko alimpenda mtoto wake. Nilibaki nimeshika kikapu, machozi yananitoka, naona haya hata kuyafuta.

Msimamizi alikuwa amesimama gatini na daftari lake la safari. "Redio, mmechelewa! Kesho kuna kundi la watu watatu, saa kumi na mbili asubuhi. Nikuandike?"

Niliogopa Redio atasema ndiyo. Nilimjua: alikuwa na ulimi wa kupaka kila kitu rangi, angeweza kugeuza hata kiboko kuwa kichekesho kabla ya mwalimu kufungua mdomo. Na kama angesema ndiyo, mimi ningefanya nini? Kesho ningefunga kanga na kushika kikombe. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko maji: sikuwa na hakika na nafsi yangu.

Mume wangu aliweka pondo chini. Aliilaza taratibu, akiipapasa mpaka mwisho wake.

"Usiniandike," akasema. "Sioni. Mwaka wa pili sasa. Leo nimekaribia kuwaua watu hawa, na mke wangu ndiye aliyewatoa. Tafuta mwingine."

Msimamizi alicheka, akidhani ni mizaha ya kawaida. Kisha akaona nyuso zetu, akafunga daftari.

Injinia alimshusha mkewe. Mwalimu alipita karibu nami bila kuniaga. Tukabaki wawili mtumbwini, mtumbwi unagonga mbao za gati. Redio alisimama, akanyoosha mguu, akausitisha hewani, akaurudisha. Watu walikuwa wanatazama, waongoza wageni wenzake wote, na zamani angeruka tu kwa kubahatisha, avunjike shingo akicheka.

"Mama watoto," akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "nchi kavu iko upande gani?"

Nikamwambia.